Kiti cha Kushoto

Chepkoech alikanyaga breki mbele ya soko la Huruma, na pikapu, badala ya kusimama kama gari lenye adabu, ikaruka kulia. Mitungi ya maziwa iligongana nyuma. Mama mmoja akavuta kikapu chake cha mboga za managu akipiga yowe, bodaboda wakatawanyika, na kijana aliyekuwa akivuka barabara na kikombe cha chai akaruka nyuma. Kuruka huko kulimwokoa yeye. Viatu vyake havikuokoka.

Vilikuwa viatu vyeupe pepepe, katika mtaa ambao mvua ya jana ilikuwa imeugeuza uji wa matope. Juu ya viatu kulikuwa na ovaroli ya buluu, mikono yake imefungwa kiunoni kama mshipi, na fulana nyeusi iliyomkaa kifuani kana kwamba ilishonewa hapo hapo. Kijana aliviangalia viatu vilivyolowa chai, akaiangalia pikapu, kisha akamwangalia dereva: msichana mrefu mwenye sweta jekundu, leso ya maua kichwani, gumbuti miguuni, na macho yasiyokuwa na haraka ya kuomba msamaha.

"Wewe dada! Leseni ulipewa ama uliokota?"

"Pole kwa viatu," Chepkoech alisema kupitia dirishani. "Lakini ni nani huvaa viatu vya harusi kuja sokoni?"

Wachuuzi wakaangua kicheko. Kijana alitaka kukasirika, ikamshinda, akatabasamu.

"Hii gari yako inavuta kulia."

"Najua inavuta kulia. Si mimi ndiye naendesha?"

"Na umepeleka kwa fundi?"

"Fundi wa kwetu kijijini Ziwa alifungua gurudumu la kulia, akasafisha kila kitu, akasema imepona."

"Hiyo ndiyo shida!" Kijana alipiga boneti kofi kama mhubiri anayepiga mimbari. "Inavuta kulia, basi kila mtu anakimbilia kulia. Kulia ndiko breki inashika, dada yangu. Ile ya kushoto imelala. Sasa yenye inafanya kazi inaburuta gari yote upande wake. Mgonjwa yuko kushoto, wao wanamdunga sindano yule mzima."

"Na wewe ni daktari?"

"Wa breki. Ronnie Wabuge. Gereji ya Mzee Opondo, hapo nyuma ya mashine ya posho. Peleka maziwa yako, kisha uje unilipie viatu kwa kuniamini."

Alikwenda zake bila kugeuka nyuma, akitembea kama mtu anayejua kwamba anatazamwa. Alikuwa akitazamwa.

Saa nne hivi, mitungi ikiwa mitupu, Chepkoech aliingiza pikapu katika gereji. Ronnie alipiga jeki, akang'oa gurudumu la kushoto la mbele na kumwita asogee. Alimwonyesha kalipa, kile chuma kinachobana pedi za breki, na namna pini zake zilivyoliwa na kutu hata zikagoma kuteleza.

"Guza uone. Unaona imekazana? Hii haingeweza kubana hata ndizi."

Alisugua, akapaka grisi, akatia pedi mpya pande zote mbili. Mikono yake ilikuwa na haraka isiyo na papara, na Chepkoech, aliyekuja kuangalia gari, alijikuta akiangalia mikono.

"Jina lako nani?"

"Chepkoech."

"Maana yake?"

"Aliyezaliwa kukipambazuka."

"Basi mimi nitakuita Alfajiri."

"Utaniita hivyo gari ikipona."

Kutoka pembeni, Elphas, mchomeleaji mkongwe wa gereji, aliinua miwani yake myeusi. "Ronnie, usisahau sheria ya Mzee."

"Sheria gani?" Chepkoech akauliza.

"Mzee Opondo hataki gari ya breki itoke hapa kabla fundi hajaketi hicho kiti cha kushoto," Elphas alisema. "Mwenye gari anaendesha, anafunga breki kwa njia yake mwenyewe, na fundi anaweka mikono magotini. Kama ulifanya kazi mbaya, uwe wa kwanza kuogopa."

"Mzee ameenda mazishini kwao," Ronnie alisema huku akifuta mikono. "Na hiyo sheria ni ya mafundi wenye wanabahatisha. Mimi sibahatishi."

Alipanda mwenyewe nyuma ya usukani, akazunguka mashine ya posho, akarudi mbio na kufunga breki mbele ya Chepkoech. Pikapu ilisimama wima kama askari. Aliachia usukani na kuinua mikono juu, na gereji nzima ikapiga mbinja.

"Haya, Alfajiri. Nimeruhusiwa?"

"Umeruhusiwa," alisema, na akaondoka upesi kabla uso wake haujasema zaidi.

Tangu siku hiyo simu ilikuwa ikilia kila asubuhi, Chepkoech akiwa bado anazunguka kwa wakulima wa Ziwa kukusanya maziwa, umande ukiwa kwenye nyasi na ng'ombe wakiguna mazizini.

"Alfajiri, umeamka?"

"Mimi niko kwa mtungi wa tano, wewe bado uko kwa blanketi. Nani anafaa kumuuliza mwingine?"

"Nilikuwa naota nakamua ng'ombe na wewe."

"Na ng'ombe alikupiga teke?"

"Alinipiga. Lakini wewe ukanishika mkono."

"Basi huyo ni ng'ombe wetu. Anajua kuchagua."

Honi ilipokwama, alimpelekea Ronnie. Kioo cha pembeni kilipolegea, alimpelekea Ronnie, ingawa kioo hicho alikilegeza mwenyewe kwa spana ya marehemu baba yake. Ronnie alikitazama kioo, akaitazama alama mpya ya spana kwenye skrubu, akakikaza bila neno. Midomo yake tu ndiyo iliyocheka. Jumapili moja walikula mahindi ya kuchoma kando ya mto Sosiani, yeye akiwa na gauni la kijani lililombana kiunoni na kumwagika chini, Ronnie na vile viatu vyeupe vilivyopona, na walipofika mahali penye tope Ronnie alisimama akasitasita mpaka Chepkoech akacheka hadi machozi.

"Kwetu Ziwa utafanyaje, wewe mtu wa viatu?"

"Utanibeba."

Basi mambo yalikuwa matamu hivyo wakati pikapu ilipoanza tena kuvuta.

Mara ya kwanza Chepkoech alidhani ni shimo barabarani. Mara ya pili alikuwa akiteremka kuelekea daraja, mitungi imejaa, na usukani ukamchomoka kulia kama ndama anayekataa kamba. Alifika mjini, akagawa maziwa hotelini, kisha akaenda gereji moja kwa moja.

Ilikuwa saa ya kazi. Wateja walikuwa kwenye benchi, mafundi chini ya magari, redio juu. Ronnie alimwona, akachana nywele kwa vidole.

"Ronnie, gari inavuta tena."

"Tena?" Aliinua nyusi, akawageukia wenzake. "Honi imepona. Kioo kimepona. Sasa ni breki."

"Sicheki. Inavuta kulia vile vile. Kwenye mteremko."

Ronnie aliingia, akazunguka mashine ya posho, akarudi na kufunga breki. Pikapu ilisimama wima. Alishuka taratibu, akafunga mlango kwa kidole kimoja, na kwa bahati mbaya akaona kwamba benchi zima lilikuwa likimsikiliza.

"Hii gari haina ugonjwa," akatangaza. "Mwenye gari ndiye mgonjwa, na dawa yake ni mimi. Alfajiri, kama umenimiss sema tu, usisingizie breki."

Gereji ililipuka kwa kicheko. Hata mteja aliyekuwa amelala alicheka. Chepkoech alisimama pale na sweta lake jekundu, na alihisi joto likimpanda kutoka shingoni mpaka kwenye masikio. Kama angesema hakuwahi kuja kwa sababu ya moyo, angekuwa mwongo. Kioo kilikuwa ushahidi. Lakini leo alikuja kwa sababu alikuwa ameogopa, na mtu pekee aliyetaka kumwambia hofu yake alikuwa amemfanya kichekesho cha gereji.

"Lete ufunguo," alisema.

"Aki, Alfajiri, ni mchezo tu."

"Naitwa Chepkoech. Lete ufunguo."

Asubuhi iliyofuata mama yake, Naomi, alipanda naye kwenda mjini. Kiti cha kushoto kilikuwa chake tangu mumewe alipokuwa dereva, na hapo aliketi kama anavyoketi kanisani, mkoba mapajani, kitambaa kimefungwa sawasawa. Mteremkoni trekta lilitokea mbele likiwajia, likivuta tela la mahindi. Ng'ombe akajitupa barabarani. Chepkoech akafunga breki, na pikapu ikalikimbilia trekta.

Aliachia breki, akapindua usukani kwa nguvu zake zote, wakapita mbele ya pua ya trekta na kusimama kwenye nyasi za upande wa pili. Nyuma, mitungi ilikuwa imelala na maziwa yakichuruzika kuingia mtaroni. Dereva wa trekta, Kiptoo wa jirani, alishuka akishika kichwa. Hakuna aliyeumia. Naomi alifungua mkoba, akaufunga, akaufungua tena.

"Ni nani alitengeneza hii gari?"

"Ni mtu tu, mama."

"Mtu tu hatengenezi breki," Naomi alisema.

Simu ya Ronnie ililia siku hiyo, na iliyofuata, na iliyofuata. Haikupokewa. Kisha akatuma shairi, kwani Ronnie alikuwa mtu wa kujifunza mashairi peke yake chini ya magari, akihesabu silabi kwa vidole vyenye grisi:

Alfajiri umenuna, gereji yote ni giza,
Spana nashika naona, mikono inateleza;
Simu yako nikiona, maumivu itapoza,
Rudi tuje kuonana, penzi letu kulikuza.

Chepkoech alilisoma akiwa ameegemea ua wa zizi la ng'ombe. Alilisoma tena, kwa sababu vina vilikaa vizuri na yeye alipenda kitu kilichokaa vizuri. Kisha akaandika jibu moja tu: "Nimesoma yote. Neno 'pole' limekosa pa kukaa?"

Alizima simu na kupeleka pikapu kwa fundi mwingine, kule Soy. Naye akazunguka uwanja wa soko, akafunga breki, akasema gari ni zima. Hapo ndipo Chepkoech alipoacha kukasirika akaanza kufikiri. Watu wawili wenye akili timamu hawawezi kuendesha gari moja na kukuta vitu viwili, isipokuwa gari lenyewe linawaonyesha vitu viwili. Asubuhi iliyofuata alifunga breki kwenye lango la kwao: sawa. Kwa mzee Kipngetich: sawa. Kote alikopita kukusanya maziwa, sawa. Aliteremka kwenda darajani taratibu, bila gari lolote mbele, akigusa breki njia nzima. Karibu na daraja akafunga kidogo tu, na usukani ukavuta kulia.

Baada ya kusimama kwa dakika chache kando ya barabara, alijaribu tena. Haikuvuta.

Alicheka peke yake. Kumbe mafundi wote walikuwa wakiamsha gari lililopoa, wanazunguka uwanja, wanarudi. Hawakuwahi kuliendesha likiwa na jasho.

Alipoingia gereji, redio ilizimwa. Mzee Opondo alikuwa amerudi, kofia yake ya sufi kichwani, na kwa jinsi Ronnie alivyosimama mbali naye ilionekana kwamba habari zilikuwa zimemfikia. Ronnie alifuta mikono, akafungua kinywa.

"Usiseme kitu," Chepkoech alisema. "Panda."

"Niendeshe?"

"Sijasema uendeshe. Kiti cha kushoto. Mikono magotini."

Ronnie alimtazama Mzee Opondo.

"Msichana amesema mikono wapi?" Mzee akauliza.

"Magotini, Mzee."

"Basi unangoja nini?"

Walitoka mjini. Ronnie aliketi na viganja juu ya magoti kama anayepigwa picha ya pasipoti. Walipovuka daraja na kupanda kilima, Chepkoech aligeuza gari kileleni.

"Huku juu iko sawa," alisema, akafunga breki. Pikapu ikasimama wima. "Unaona? Ikiwa hivi ndipo nyinyi wote mnashuka garini na kusema imepona. Sasa twende pamoja mpaka chini."

Aliteremka akigusa breki, akiachia, akigusa tena. Harufu kali ya pedi zenye moto ikaingia dirishani. Ronnie aliacha kumtazama yeye, akaanza kusikiliza. Karibu na daraja, barabara ikiwa tupu, Chepkoech akakanyaga.

Pikapu iliruka kulia. Mkono wa Ronnie ukapaa na kushika dashibodi.

"Magotini!"

"Chepkoech, tutakufa!"

"Mama yangu aliketi hapo, Ronnie. Hapo hapo ulipo. Na trekta ilikuwa inakuja."

Alisimamisha gari kando ya barabara. Injini ililia kidogo ikanyamaza. Ronnie, uso umempauka, akashuka na kuomba chupa ya maji. Alimwaga maji kwenye gurudumu la kulia: chwaaa! Mvuke ukampanda usoni. Akazunguka akamwaga kwenye la kushoto. Maji yalitiririka chini kimya kimya kama yaliyomwagwa juu ya jiwe.

"Kushoto haifanyi kazi kabisa," alisema polepole. "Na ikipoa inafanya."

"Ndiyo."

"Uliijua hiyo?"

"Niliijua asubuhi. Kwa nini iko hivyo, sijui. Hiyo ni kazi yako."

Ronnie alilala chini, viatu vyeupe vikiburuzika kwenye tope bila yeye kuviangalia, akapapasa nyuma ya gurudumu. Alipoinuka macho yalikuwa yakiwaka. "Ni paipu. Ile ya mpira ya kupeleka mafuta ya breki. Nilitibu ugonjwa mmoja, na mwingine ulikuwa umejificha nyuma yake."

Walipofika gereji, mbele ya benchi lile lile la wateja, aliing'oa paipu hiyo. Kwa nje ilikuwa nyeusi, nzima, nzuri. Akaikata katikati kwa msumeno na kumpa Chepkoech aichungulie kwenye jua. Tundu lake lilikuwa limeziba kwa mpira uliovimba, mwanga ukipenya kama kupitia jicho la sindano.

"Ikipoa, mafuta yanapita," Ronnie alisema kwa sauti iliyofika mpaka kwa Elphas. "Ikishika moto, mpira unavimba ndani, yanakwama. Upande wa kulia unashika peke yake, gari inavuta. Huyu dada aliniambia inavuta kwenye mteremko. Mimi nikaizungusha kwenye tambarare nikamcheka." Alimgeukia. "Chepkoech, gari ilikuwa mgonjwa. Wewe ulikuwa mzima. Pole kwa yale maneno, na pole kwa mama."

Hakuna aliyecheka. Mteja mmoja alikohoa.

"Neno limepata pa kukaa," Chepkoech alisema.

Ronnie alibadilisha paipu zote mbili, ya kulia na ya kushoto, kwa kuwa zilizaliwa siku moja na zingekufa pamoja. Akatoa hewa kwenye mafuta, akafunga magurudumu, na kabla hajaambiwa akapanda kiti cha kushoto na kuweka mikono magotini. Wakarudi kwenye mteremko ule. Chepkoech aliichosha pikapu vya kutosha, akaipasha moto mpaka harufu ikaja, kisha karibu na daraja akakanyaga breki na kuinua mikono yote miwili kutoka kwenye usukani.

Pikapu ilisimama wima, pua yake imenyooka kama uzi.

Ronnie alikuwa amefumba macho. "Sasa unaniamini?"

"Naamini gari. Wewe bado."

"Nitangoja." Alifumbua macho, akamtazama bila mzaha, pengine kwa mara ya kwanza. "Lakini nataka ningojee hapa. Hiki kiti, Chepkoech. Nataka kiwe changu. Kila breki utakayofunga maisha yako yote, nataka niwe wa kwanza kuogopa."

Moyo wa Chepkoech ulipiga kishindo, lakini sauti yake haikuyumba. "Hicho kiti kina mwenyewe. Ni cha mama yangu."

"Nitamuomba."

"Basi njoo Jumapili, tukienda kanisani. Na uvae gumbuti. Kwetu kuna matope."

Jumapili Naomi alitoka nyumbani na gauni lake la zambarau na mkoba wake, akamkuta kijana amesimama kando ya pikapu. Alikuwa amevaa suti ya kijivu iliyopigwa pasi ikakubali, suruali yake imechomekwa ndani ya gumbuti nyeusi mpya, na chini ya kwapa alibeba mfuko uliokuwa na viatu vyeupe. Chepkoech, katika lile gauni la kijani, alikuwa nyuma ya usukani akijifanya anakagua kioo.

Naomi alimpima kijana kutoka kichwani mpaka kwenye gumbuti, macho yakakaa hapo kwenye gumbuti kwa muda.

"Huyu ndiye 'mtu tu'?"

"Ndiye, mama."

"Shikamoo, mama. Mimi ni Ronnie. Nimekuja kukuomba msamaha. Na kukuomba kiti."

Naomi alifungua mlango. Hakuharakisha. "Kiti cha dirishani, chukua. Mimi nitakaa katikati," alisema, akipanda na kujisogeza kando ya binti yake. "Mpaka wazee wako waje."

Chepkoech alitazama mbele ili uso wake usionekane. Waliondoka watatu, wamebanana, Ronnie mlangoni na viganja juu ya magoti. Mteremkoni ng'ombe walikuwa wakivuka. Chepkoech akafunga breki, na pikapu ikasimama kwa adabu zake zote.

"Mbona huyu ameketi kama mtoto wa shule?" Naomi akauliza.

"Ni sheria ya gereji, mama. Mikono magotini."

"Sheria nzuri. Aendelee nayo." Ng'ombe wa mwisho akapita. Naomi alinyoosha kitambaa chake cha kichwa. "Na hao wazee wako, wanatoka mbali?"

"Webuye, mama."

"Si mbali," Naomi alisema. "Chepkoech, endesha."